Krismasi Tuliyokula na Magokoro

Mwezi uliopita nilirudi Nyansiongo, rafiki yangu, baada ya miaka mingi. Nyumba ya misheni tuliyokaa bado ipo. Nilisimama langoni, harufu ya majani mabichi ya chai ikaniingia puani, na Krismasi ile ikanijia nzimanzima.

Sisi ni watu wa Iringa. Kanisa letu lilimtuma baba kuhubiri Kenya, nasi tukamfuata. Pale kila mtu aliongea Kigusii. Kiswahili chetu kiliwachekesha majirani, wakasema tunaongea kama redio. Lakini walitupenda. Mama wa boma la jirani alituletea maziwa kila asubuhi, akamfundisha mama kupika saga, mboga chungu inayolainishwa kwa maziwa hayohayo.

Sikukuu yetu ya kwanza mama alisema hatutakula peke yetu kama wafungwa. Akaalika majirani wote. Baba alichinja mbuzi, mimi nikachambua mchele, na harufu ya pilau ikafika hadi barabarani. Walikuja na nguo za kanisani, wamebeba mikungu ya ndizi.

Mama aliposema wote, alimaanisha wote. Akaja pia magokoro, ndivyo wanavyomwita bibi huko, mjane aliyeishi peke yake kando ya shamba la mahindi. Alijitanda leso safi, mkononi ana kikapu cha mayai.

Jirani wetu wa maziwa aliweka sahani chini, akamvuta mama kando.

"Mama Mchungaji, huyu sisi hatukulangi na yeye. Alimroga mtoto wa shemeji yangu, akakufa."

"Mtoto yule aliuawa na malaria. Nilikuwepo hospitalini."

"Wewe ni mgeni. Hujui."

Wakaondoka mmoja mmoja, kwa adabu, wakitushukuru. Sahani zilibaki zikifuka mvuke. Magokoro naye akataka kuinuka. Mama akamshika mkono, akampakulia nyama iliyonona, akaketi ubavuni pake. Tukala. Bibi alikula polepole, akisifu pilau, akiniita mjukuu wake, wala hakuvitazama viti vitupu hata mara moja.

Kabla ya mahindi kupandwa tena, asubuhi moja tuliona moshi upande wa nyumba ya magokoro. Baba alitoka mbio na ndoo. Aliporudi alikaa kwenye ngazi, viganja vimeungua. Magokoro hakutoka ndani. Polisi walikuja wakauliza. Hakuna aliyeona kitu.

Kesho yake jirani alileta maziwa kama kawaida. Mama aliyapokea, akasema asante, akafunga mlango, akayamwaga. Huenda alimwonea jirani yule. Hatukujua kamwe ni nani aliyewasha moto, na hilo ndilo linaloniamsha hata leo: wote walikuwa watu wema kwetu.

Safari hii nilitembea hadi pale ilipokuwa nyumba yake. Ni chai tupu, hakuna jiwe wala kaburi. Mama mmoja aliyekuwa akichuma aliniuliza natafuta nini.

"Kulikuwa na bibi aliyeishi hapa."

"Hapa? Sijasikia. Alikuwa anaitwa nani?"

Nilifungua kinywa nimjibu. Ndipo nilipogundua kwamba nyumbani kwetu hatukuwahi kumwita kwa jina. Mama yule akaendelea kuchuma.