Tulifunga jiko la sauna kwa akili za mgodini, mamdogo akaponea kwa jirani muuza mikate

Wakuu, heshima kwenu. Wenye umri wa wazazi wangu shikamooni, wa rika langu mtajijua wenyewe.

Hili limetokea nyumbani kwetu Nyasubi, Kahama, likizo iliyopita. Chumvi sijaongeza. Nimepunguza kidogo, maana kuna sehemu naonekana mjinga kuliko nilivyo, na humu kuna watu wa darasani kwetu wanapita kimyakimya.

Mimi niko kidato cha tatu. Shuleni nafahamika kwa mambo mawili: kuchekesha, na kutolewa nje kwa sababu ya kuchekesha.

Naishi na mamdogo, Mama Neema, mwenye saluni. Mwaka huu alienda harusini Mwanza, wakamwingiza sauna, kile chumba cha kukaa kwenye joto la mawe na mvuke, akarudi mtu mwingine. Wiki nzima hadithi ni sauna tu. Kina mama wa sokoni wanaoumwa migongo watakuja, waliotoka kujifungua watakuja, wake za wenye karasha za kusaga mawe ya dhahabu watakuja na marafiki zao.

Akajenga chumba nyuma ya saluni, akapigilia mbao ukuta mzima mpaka darini. Fundi mageti akamchomelea jiko la kuni la chuma kizito, juu lina kikapu cha mawe. Jiko lilikuwa zuri, nisiwadanganye. Shida ilikuwa bomba la moshi.

Mamdogo alikuwa ameezeka bati jipya na alisema halitobolewi na mtu yeyote aliyezaliwa na mwanamke. Basi bomba likakatwa kona, likatoboa ukuta wa mbao, likakatwa kona nyingine, likaishia chini ya bati kama mtu anayejikinga mvua.

Fundi hakuwahi kufunga kitu kama hicho, lakini alisema moto ni moto. Mimi nikamuunga mkono. Nilikuwa nimeangalia video tatu za sauna, zote kwa lugha nisiyoijua.

Tukawasha kwa majaribio. Chumba kikajaa moshi mpaka tukatoka tunalia kama tumefiwa.

Sasa hapa akaingia mjomba Masanja, kaka yake mamdogo. Huyu ni mwanaapolo kamili, mchimbaji mdogo wa dhahabu, na duara lao, yaani shimo lao, liko upande wa Geita. Akaangalia ule moshi, akasema kile ambacho mchimbaji yeyote angesema: hapa hewa hakuna, tuweke feni.

Kwa msiojua, kule chini wakishapiga baruti, moshi unatolewa kwa feni kubwa ndipo watu wanashuka. Moshi ukionekana, feni. Ndiyo akili ya huku kwetu. Hata mama akiunguza maharage Kahama, utasikia mtu anauliza kama kuna feni.

Mjomba akaileta ya kwao. Nikaifunga mwenyewe kwenye kidirisha cha juu, ikiwa inavuta kutoka ndani kwenda nje. Dakika chache chumba cheupe. Tukagongeana mikono. Nikajipa cheo cha injinia mkuu, mjomba akawa msaidizi, hakufurahi.

Jumamosi mchana mamdogo akasema anaingia yeye kwanza, kabla ya wateja. Kuni zilikuwa zimeshakuwa makaa, moshi hauonekani kabisa, mbao zinanukia vizuri. Akajifunga khanga, akaingia, akafunga mlango. Mjomba alikuwa ameenda sokoni. Mimi nikabaki nje nalinda feni.

Mwanzo alikuwa anaimba kwaya. Halafu akanyamaza.

Nikamuuliza kama joto limekolea. Akacheka taratibu, akasema nimletee viazi.

Wakuu, nilicheka. Mamdogo naye ni mtu wa utani, nilidhani ananitania. Nikatoa simu nikamrekodi sauti anavyoongea kilevi, ili nimuonyeshe baadaye. Ile sauti nimeshaifuta, lakini kichwani haijafutika.

Nyuma ya ukuta wetu kuna Mama Salma. Ametokea Tabora, anaoka mikate kwenye tanuri la kuni miaka mingi kabla sijazaliwa. Mimi nilikuwa nimempa jina la Mama Moshi na niliweza kuigiza anavyotembea, na mtaa mzima ulikuwa unacheka. Yeye mwenyewe alijua.

Akaja kwa mlango wa nyuma, unga mpaka viwikoni. Hakuniangalia mimi. Aliangalia juu, kwenye bomba.

"Nani yuko ndani?"

Nikamwambia ni mamdogo, bado hajaiva.

Hakucheka. "Bomba lenu limelala, joto lote linatokea dirishani. Fungua mlango."

Nikaanza kumweleza kuhusu feni. Aliniacha naeleza, akachomoa waya, akausukuma mlango. Ukagoma. Ulikuwa unafungukia ndani, na mamdogo alikuwa ameuangukia.

Tulisukuma wote wawili. Ukafunguka kiasi cha mtu mwembamba, nikapita mimi, nikamvuta kwa kwapa, Mama Salma akamdaka miguu. Tukamlaza uani kwa ubavu. Macho yalikuwa wazi lakini hayatuoni. Nikawa namwita, Mama Salma ananiambia, "Acha kulia, ita bajaji."

Hospitali wakamweka kwenye oksijeni. Daktari akatwambia ni hewa ya makaa, haina rangi wala harufu, na kwamba kuchelewa kidogo tu tungekuwa tunaongea mambo mengine. Jioni mamdogo akanitambua. Neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza nani amefunga saluni. Nikatoka nje nikakaa chini.

Kesho yake Mama Salma alitukusanya mimi, mjomba na fundi mageti mbele ya lile jiko. Alitueleza kama anafundisha chekechea. Feni inavuta hewa ya chumba. Chumba kikiishiwa hewa kinaitafuta popote, na tundu lililokuwa wazi ni bomba. Badala ya hewa ya jiko kupanda, ya nje ikawa inashuka kwa bomba na kuisukumia ile ya jiko chumbani. Huko duarani feni inasaidia kwa sababu hakuna anayewasha jiko chini. Hapa tuliiweka imnyonge mtu.

Mjomba Masanja, ambaye anabishana hata na taarifa ya habari, alikaa juu ya ndoo akasikiliza mpaka mwisho.

Kisha Mama Salma akagusa ubao pale bomba lilipopita ukutani. Ulikuwa umeanza kuwa kahawia kama mkate wake. Siku mbili tu za kuwasha. Maana yake hata hewa ingemkosa mamdogo, moto ungetukuta wote.

Tukaanza upya, yeye amesimama na upawa wake mrefu wa kutolea mikate tanurini, na huo upawa ulinigusa mara mbili.

Bomba likanyooka kutoka jikoni mpaka juu, bila kona. Bati likatobolewa. Ubao wowote karibu na bomba ukakatwa, pakabaki nafasi wazi pande zote, zaidi ya urefu wa mkono wangu kuanzia kwenye kiwiko. Pale darini na kwenye bati tukaweka bamba la chuma, hakuna mbao, jipsamu wala sponji. Bomba likapita kilele cha paa na kuzidi, juu likavishwa kofia.

Vipande tuliunga kile cha juu kikiingia ndani ya cha chini, ili lami ya moshi ikidondoka irudi jikoni isichuruzike nje. Bomba la kwanza lilikuwa limepakwa zinki, akalikataa, akasema likipata moto linatoa sumu yake. Jiko lenyewe tuliliwasha kwanza uani mpaka rangi na grisi vikaungua.

Chini ya ukuta, nyuma ya jiko, tukatoboa tundu la kuingiza hewa, na hilo halizibwi. Mlango sasa unafungukia nje na hauna komeo. Mjomba aliagiza king'ora cha kugundua ile hewa, kinakaa ukutani kwenye chumba cha pembeni wateja wanapopumzikia.

Mjomba alileta pia mawe meupe ya mgodini yalete mvuto, wateja waseme wanaoga mvuke wa dhahabu. Mama Salma akatupa moja motoni. Lilipasuka, kipande kikamkosa fundi sikio. Tukatafuta mawe meusi mazito, makavu.

Mwisho akaniita niwashe gazeti nilishike kwenye mlango wa jiko. Ule mwali ukainamia ndani, ukavutwa. "Hivyo ndivyo bomba linavyopumua," akasema. "Usipouona hivyo, hakuna mtu anaingia." Nafanya hivyo kila siku kabla ya mteja wa kwanza, na kila mwezi napanda kusugua masizi.

Nilienda kwake kumshukuru. Nilikuwa nimeandaa maneno na vichekesho viwili. Nilipofika vyote vikapotea, nikasema tu, shikamoo mama, ahsante kwa mamdogo. Akaitikia marahaba, akanipa mkate wa moto, akasema nikale nyumbani nisimzibie mlango wa wateja.

Somo langu: feni haitengenezi bomba baya. Moshi ukirudi ndani, zima, toa watu, tafuta kwa nini. Na mtu akiongea kilevi kwenye chumba chenye moto, usicheke. Fungua mlango.

Kuna kitu sikumwambia mtu. Siku ile Neema, mtoto wa mamdogo, alirudi madrasa... hapana, nimechanganya, madrasa ni Salma. Neema alitoka mazoezi ya kwaya, akanikuta getini, akauliza mama yake yuko wapi. Ana miaka sita. Nikamwambia yuko hospitali, anaendelea vizuri, atarudi.

Nashukuru sana kwamba nilikuwa nasema kweli.

Mafundi na wazoefu wa majiko ya kuni, nikosoeni hapa chini, nitarekebisha kabla likizo hii ya sasa haijaisha. Na wewe mwenye jiko lenye bomba, toka nje kwanza uliangalie, ndiyo urudi kukoment.