Siku Kinanda Kiliponguruma Izigo

Nakumbuka mchana mmoja kule Izigo, mwanangu, na kila ninapoukumbuka nacheka peke yangu hadi ninyi wajukuu zangu mnadhani akili imeanza kuniaga. Kaa hapa. Menya hizo ndizi huku unanisikiliza, maana mikono ikifanya kazi masikio hayalali.

Miaka ile ya ujamaa nilikuwa binti mwembamba, mbishi kuliko unavyoniona sasa. Masista walinifundisha kupiga kinanda cha kanisani. Kisha vijana wa Bukoba mjini wakaunda bendi, wakapata kinanda cha umeme, ila hawakuwa na mtu wa kukipiga. Wakanijia nyumbani. Tata, yaani baba yangu, mkulima wa kahawa na mtu wa misa ya asubuhi, alinuna wiki nzima. Mwishowe akasema, "Izigo wanafungua zahanati waliyoijenga kwa nguvu zao. Nenda ukapige huko, nami nitakuja kusikiliza mwenyewe. Ukinifurahisha, utaendelea. Ukiniaibisha mbele ya wenzangu, utarudi kupalilia mibuni, na habari ya bendi nisiisikie tena."

Hapo ndipo roho yangu ilipokuwa inaning'inia. Nilikipenda kile kinanda kuliko nilivyompenda mtu yeyote, na babu yako anisamehe, tulikuwa bado hatujaonana.

Fundi wetu wa sauti aliitwa Athumani, mtu wa mjini, mpole, kofia nyeupe kichwani na kalamu sikioni. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye mikisa, ile mashine yenye vitufe vingi inayopokea sauti za vyombo vyote na kuzipeleka kwenye spika. Kabla ya sherehe kuanza aliniita. "Kokusima, piga kama utakavyopiga kwenye wimbo wenyewe. Nataka kupima nguvu yako, nijue nifungue kiasi gani."

Sasa sikia balaa. Wazee walikuwa wamekaa mbele yetu kabisa wakisalimiana, na unazijua salamu zetu Wahaya, haziishi: waitu, lile neno letu la heshima, huku na kule, habari za nyumbani, habari za shamba, wakimaliza wanaanza upya. Mimi nimelelewa kupiga magoti na kusalimia kwa sauti ya chini. Binti hapigi kelele wazee wakisalimiana. Basi nikapunguza kitufe cha sauti cha kinanda hadi robo, nikagusa kwa ncha za vidole kama mtu anayepapasa mayai. Fundi akatazama mshale wa kupimia sauti kwenye mikisa; haukunyanyuka.

"Ndiyo nguvu yako yote?"

Nikainama. "Ndiyo, waitu."

Nilimdanganya kwa adabu, mwanangu. Naye akaniamini, akafungua kitufe chake hadi mwisho, spika zikaanza kulia shaaa kama senene kwenye kikaango.

Sherehe ikaanza. Mwenyekiti wa kijiji akahutubia, utepe ukakatwa, gita likaingia. Nikaona watu wanachezesha mabega, damu ikanichemka, adabu yote nikaisahau. Nikafungua kitufe cha kinanda chote, nikaangusha vidole kumi kwa mpigo.

Kilichotoka hakikuwa muziki. Kilikuwa mlio wa bati linalochanwa. Kuku wakatokomea migombani, mama mmoja akakimbia na mtoto asiye wake, na mzee aliyekaa karibu na spika akajimwagia kibuyu kizima cha lubisi kwenye kanzu. Kumsababisha mzee amwage pombe yake ya ndizi mbele za watu si jambo dogo kwetu. Nikamtazama Tata. Ameshika kidevu, macho chini. Nikaliona jembe, nikaiona mibuni, machozi yakanijaa.

Fundi Athumani akashusha sauti zote, akanifuata kwenye kinanda. Hakufoka.

"Binti, uliniambia kibaba, ukanimwagia debe," alisema. "Mashine haina kosa. Heshima yako kwa wazee naiona, lakini mimi ulinificha, na mficha uchi hazai. Tupime upya, na safari hii upige kweli."

"Lakini wazee wamekaa hapo," nikanong'ona.

Akageuka, akavua kofia, akawaomba wazee ruhusa binti apige kwa nguvu kidogo, ni kipimo tu. Wakatazamana. Ndipo yule mzee wa lubisi, kanzu bado inadondosha, akasema, "Apige tu. Mimi nimeshalowa."

Watu wakaangua kicheko. Tata akainua kichwa, akaniambia kwa ile sauti yake ya shambani, "Kokusima, piga. Usinitazame mimi, mtazame fundi."

Nikafungua kinanda robo tatu, nikapiga kile kipande kizito kuliko vyote vya wimbo ule. Fundi alikuwa ameshafunga kitufe chake, sasa akawa anakifungua polepole, jicho kwenye mshale, hadi ukakaribia alama nyekundu bila kuigusa. Akaachia hapo. Alisema amebakiza nafasi kidogo ya furaha, maana mpigaji akinogewa huongeza. Ile shaaa nayo ikanyamaza.

Tukaanza upya. Ee, mwanangu, sauti ilitoka nzima, tamu, nikajisikia natamani kulia tena, ila kwa raha. Akina mama wakaacha masufuria. Mzee wa lubisi akacheza na kanzu yake mbichi. Na Tata, ambaye mama aliapa hakucheza hata siku ya harusi yao, akasimama akatikisa mabega.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani kwa lori, Tata alikaa kando yangu. Kisha akauliza, "Jumamosi mnapiga wapi?" Nikajua jembe halinisubiri tena.

Basi sikia. Heshima si kujificha. Nawaona ninyi vijana: mwalimu anauliza nani anajua, mnatazama chini, mnaitwa kwenye usaili wa kazi, mnajibu kwa kunong'ona, halafu mkishapewa nafasi mnataka kupasuka. Anayekupima hakutukani, anakutafutia mahali pako. Mwonyeshe nguvu yako ya kweli, pale pale anapouliza. Kama unaona haya, omba ruhusa kwanza, wakubwa hawakatai. Ukikosea, omba kupimwa tena, kosa moja haliachi mke. Na siku ukiwa wewe ndiye mpimaji, usimfokee mtu, na umbakizie nafasi kidogo.

Mungu akupe mikono isiyoogopa, mwanangu. Akupe wa kukuambia ukweli kwa upole. Na siku utakayotoa nguvu zako zote, nakuombea mzazi wako awepo akusikie.