Siku Niliyomjibia Bibi Harusi

Ndiyo, ni mimi. Nimeona nianze hapo, maana kila nikisimulia jambo hili lazima mtu anikatize katikati aulize, "Hivi yule mama wa joho aliyeingia kanisani na ngoma alikuwa nani vile?" Sasa ni mimi, Mama Neema, muuza maharage wa Tunduma, umri miaka arobaini na sita, elimu kidato cha nne, daraja la nne (nalitaja kwa kifua kipana, na Hisabati tusiizungumzie hapa), na aibu niliyoipata siku ile ingetosha kugawiwa wilaya nzima ya Momba, kila kaya ikapata yake, na nyingine ikabaki ya kupeleka Ileje kwa lori.

Mjue kwanza nilikotoka. Miaka miwili nilisoma masomo ya jioni, watu wazima kumi na mmoja tumejibana kwenye madawati ya watoto wa darasa la pili, magoti yanagusa masikio, nafunga kibanda saa kumi na moja jioni nakimbia darasani na vumbi la maharage kwenye nyusi, mwalimu akiuliza swali mimi nasinzia kwa heshima. Matokeo yalipotoka nikaona nimefaulu, nilipiga kelele ambayo nadhani ilisogeza foleni ya malori ya mpakani kwa siku tatu.

Sasa usharikani kwetu Jumapili ya kwanza ya mwezi ni ya shukrani. Mtu kapata mtoto, kapona ugonjwa, katimiza miaka kadhaa ya ndoa, binti yake kamaliza chuo, basi anapita mbele na watu wake wakiimba, jina lake linasomwa, mchungaji anamwekea mkono, na hapo ndipo jambo lake linakuwa jambo. Lisiposomwa pale, hata ujenge ghorofa, watu wanakuangalia kama vile bado unachimba msingi. Na mimi nilitaka jina langu lisomwe. Sikutaka zawadi, sikutaka keki. Nikaenda kwa katibu wa usharika, Mzee Nzowa, mtu wa kalamu tatu mfukoni, anayeandika ratiba ya ibada kana kwamba Mungu naye atapewa nakala.

"Mama Neema," akasema, "shukrani za elimu ni za vyuo."

"Nani kasema?"

"Utaratibu."

"Umeandikwa wapi, baba katibu, nikausome?"

Akakohoa (haujaandikwa popote). "Sasa kila anayemaliza masomo ya jioni akija hapa, si tutaimba mpaka Jumatatu?"

"Tuimbe. Jumatatu nayo kaiumba Mungu."

Tukavutana hivyo mpaka akachoka, akaniandika: dakika tano, baada ya wimbo wa kwanza, ibada ya saa nne. "Lakini uwahi," akaninyooshea kalamu mojawapo. "Ukichelewa nakukata, na wenzako wa hilo darasa wasije kunisumbua tena." Na wenzangu wote kumi ni wa usharika huohuo, walikuwa wananitazama mimi tu: nikipita, nao watapeleka majina yao mwezi unaofuata, nikikatwa, tumekatwa wote.

Ningevaa kitenge changu kizuri nikaenda kwa miguu yangu, leo ningekuwa sina mkasa. Lakini nikajiambia, kama wa vyuo wanapita na joho, mimi nipite na nini, aproni? Nikampigia binamu yangu Exildah aliye Nakonde, ng'ambo ya mpaka, ambaye ni fundi wa kushona majoho ya kwaya, akasema lipo moja la zambarau lenye kola ya njano, njoo Jumapili asubuhi nikurekebishie mgongoni, na kofia ya bapa atanitengenezea kwa katoni.

Nikavuka asubuhi mapema. Na hapa ndipo mtanicheka, maana mtu wa Tunduma kufanya kosa hili ni sawa na mpishi kusahau moto uko wapi: saa za Zambia ziko nyuma ya zetu kwa saa nzima. Tunajua sote, hata watoto, ukipanga miadi huku unaulizwa kwanza, "saa ya huku au ya kule?" Lakini Neema, binti yangu, alikuwa amenizawadia simu mpya kwa kufaulu, simu janja kweli, mama anavuka hatua mia mbili na yenyewe inabadili uraia hapohapo, inashika mtandao wa kule, inajirudisha nyuma saa moja bila kuniambia, na simu za nyumbani inakataa kuzipokea. Mimi naitazama, inasema saa mbili na nusu, nasema loo, muda ninao mwingi, nikanywa chai, nikala mihogo, nikapakwa poda ya kutosha watu sita.

Nikamwambia Exildah, basi mimi nitangulie.

"Awe!" akakataa, na hiyo kwao ndiyo hapana yenyewe. "Dada yangu apite mbele za Mungu peke yake kama mjane? Nakupa mama zangu wa kwaya."

Akanipa mama wanne, mmoja na ngoma, mmoja na filimbi, wawili wa kucheza, na yeye mwenyewe wa tano kwa vigelegele. Njiani nikawauliza saa ngapi, kwa uhakika tu, wote watano wakanijibu saa ileile ya simu yangu (wangejibu ipi nyingine, watu wa kule?). Mpaka tunafika getini kwa kanisa simu inasema saa nne kasoro dakika kumi, haijapata hata nafasi ya kurudi Tanzania. Kumbe kwa saa ya Mungu na ya Mzee Nzowa ilikuwa saa tano kasoro dakika kumi, jina langu limeshaitwa mara mbili, limeshakatwa kwa kalamu nyekundu, na Neema amekaa ndani anapiga simu mpaka kidole kimemvimba.

Tukasikiliza mlangoni, ndani kimya kabisa. Exildah akaninong'oneza, "Wanakusubiri wewe." Nikaamini. Filimbi ikalia, ngoma ikaanguka (ngoma ile ilisikika mpaka Mbebe, kule Ileje, na sitanii), Exildah akapiga kigelegele cha kupasua vioo, mlango ukafunguka, tukaingia.

Sasa kile kimya nilikuja kuelezwa baadaye. Mbele walikuwa wamesimama wazee wawili kutoka Ikinga, milimani Ileje, Mzee Kibona na Bibi Lugano, waliokaa pamoja miaka thelathini na minane, watoto saba, wajukuu sijui wangapi, ndiyo siku hiyo wanafunga ndoa ya kanisani. Mzee alikuwa ameshajibu. Mchungaji akawa amemgeukia bibi, amemuuliza kama anakubali, na bibi amenyamaza. Amenyamaza muda mrefu hivi kwamba watoto wake wameanza kutazamana. Na katikati ya kunyamaza huko ndipo kigelegele cha Exildah kilipotua.

Kanisa zima likadhani bibi amekubali. Likalipuka! Akina mama wakapokea vigelegele, mpiga kinanda akaanza wimbo, Mzee Kibona akalia machozi, watu wakatoa vitambaa wakapunga, na mimi niko katikati ya njia na joho linafagia sakafu, naona watu mia nne wamesimama kwa ajili yangu. Kwa ajili yangu! Nikasema kumbe usharika ulikuwa unanipenda hivi na mimi sijui. Nikapunga mkono kulia, nikapunga kushoto, nikacheza hatua ambazo magoti yangu yalikuwa hayajazijaribu tangu ujana, nikamwona Neema anafumba uso kwa viganja viwili nikadhani analia kwa furaha. Nikafika mbele, nikaona mito miwili ya kupigia magoti, nikajipenyeza katikati ya bwana na bibi harusi (nilidhani ni wazee wa kushukuru miaka ya ndoa), nikapiga magoti kwenye wa kushoto, nikainamisha kichwa niwekewe mkono.

Muziki ukakatika kidogo kidogo, kinanda kikawa cha mwisho.

"Mchungaji," nikasikia sauti ya bibi juu ya kichwa changu, "na huyu naye anaolewa?"

Nilitaka sakafu ile ya saruji ifunguke nizame na kofia yangu ya katoni.

"Halafu," bibi akaendelea, akawageukia watu, "mimi sijajibu. Nani kanijibia?"

Exildah akaficha filimbi ya mwenzake mgongoni, sijui kwa nini ile, akaacha ngoma.

"Miaka thelathini na minane huyu mzee amenisubirisha kuja hapa," bibi akasema. "Na mimi nikimsubirisha dakika moja tu, aone inavyokuwa, mnaniletea ngoma! Niulize tena, mchungaji."

Mchungaji akauliza tena, sauti inatetemeka kwa kicheko alichokizuia. Bibi akamtazama mzee wake kwanza, akaridhika na jasho aliloliona, akasema, "Haya. Nakubali."

Wakati huo Mzee Nzowa ameshanishika kiwiko. "Nilikwambia," ananinong'oneza kwa meno, "nilikwambia masomo ya jioni yataleta vurugu," ananiongoza kwenye mlango wa pembeni, mlango wa kutolea maua yaliyonyauka. Huko mbele, mezani, maharusi wameitwa kuweka sahihi kwenye cheti cha ndoa. Tumebakiza hatua tano nitoke, bibi akaita.

"We katibu, mwache huyo. Mwanangu, joho hilo la nini?"

"La kuhitimu, bibi. Kidato cha nne, masomo ya jioni."

"Unajua kusoma maandishi ya watu?"

"Najua."

"Njoo unisomee hiki. Mimi dole gumba langu siliweki nisipopajua."

"Bibi, ni cheti cha kawaida tu," Mzee Nzowa akasema. "Nimekijaza mwenyewe."

"Kama ni cha kawaida kikisomwa kitaumia wapi?"

Watu wakacheka. Mchungaji akanipa kile cheti, na nawaambieni huo ulikuwa mtihani kuliko mtihani wenyewe, maana darasani nilikuwa nasomea watu kumi na hapa ni mia nne na mchungaji. Nikasoma kwa sauti ya sokoni, ndiyo niliyo nayo. Jina la mume. Umri. Mahali anapoishi. Kazi ya mume: mkulima. Jina la mke. Umri. Mahali. Kazi ya mke. Hapo nikakwama.

"Soma," bibi akasema.

"Imeandikwa 'hana.'"

"Hana nini?"

"Hana kazi, bibi."

Bibi Lugano hakupandisha sauti. Ingekuwa heri angepandisha. Alimgeukia Mzee Nzowa akamwonyesha viganja vyake viwili, vimekauka na kupasuka kama gome. "Kahawa ya kule Ikinga inapaliliwa na nani, baba? Malaika? Watoto saba wamekula kwenye jembe la nani?"

"Ni utaratibu tu wa kujaza, bibi, kwa akina mama huwa tunaandika..."

"Andika upya."

"Cheti hakifutwi..."

"Andika upya," akasema Mzee Kibona, bwana harusi mwenyewe, ambaye tangu mwanzo hakuwa amesema kitu zaidi ya ndiyo yake. "Shamba ni la kwake. Mimi namsaidia."

Mchungaji mwenyewe akachukua kalamu, akakata "hana," akaandika "mkulima," akatia sahihi pembeni, akanirudishia nisome tena kuanzia mwanzo, nikasoma mpaka mwisho, mpaka yale maandishi madogo ya chini kabisa ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuyasoma, ndipo bibi akachovya dole kwenye wino, akaligandamiza. Wa ibada ya tatu walikuwa wameshajaa nje wanachungulia madirishani. Nikavua joho nikalikunja, nikatoka kwa mlango uleule wa maua. Jina langu halikusomwa.

Jumatano nikaitwa na baraza la wazee. Mzee Nzowa alikuwa ameniandalia barua ya kuomba radhi, nitie sahihi tu, akasema, halafu mwezi ujao jina langu litarudishwa kwenye shukrani. Nikavaa miwani nikaisoma. Naomba radhi kwa kuchelewa: sawa, nimekosa. Kwa kuingiza ngoma bila kibali: sawa. Kwa kupiga magoti kwenye mto wa bibi harusi: hapo hata mimi nilicheka. Na kwa kusoma hati mbele ya usharika bila idhini.

Nikaomba kalamu, nikaukata mstari huo wa mwisho, nikatia sahihi.

"Bila huo mstari," Mzee Nzowa akasema, "jina halisomwi."

"Basi lisisomwe, baba."

Akasubiri nilainike. Yuko wapi wa kulainika? Nilichelewa kwa ujinga wangu, nilicheza mbele ya watu ambao hawakunialika, nimeapa Jumapili asubuhi sivuki mpaka hata akifa mtu, na saa ya ukutani nimeshanunua kubwa kama sinia. Hayo yote nimeyakiri kwa mwandiko wangu. Lakini ule mstari waukate wao au niukate mimi, umekatwa.

Jumapili ya shukrani iliyofuata wenzangu wa darasani walipeleka majina yao, kwa wasiwasi kidogo, na Mzee Nzowa aliyaandika yote kumi bila kuuliza lolote, nadhani viganja vya Bibi Lugano alikuwa bado anaviona. Wakapita mbele mmoja mmoja. Mimi nilikaa benchi la nyuma na kitenge changu, na kila mmoja nilimpigia kigelegele, ila nilihakikisha kwanza amemaliza kusema.