Darubini Ilikuwa Yangu

Nakumbuka Ijumaa moja kule Riyadh, miaka ile mawakala walipokuwa wakisafirisha vijana wa kwetu kwenda Saudia kila wiki, nami nikiwa dereva wa familia moja mtaa wa Naseem. Nakuambia mapema, mwanangu, kisa hiki siwezi kukisimulia kwa utulivu. Jana ulikuja kuomba darubini yangu, ukanionyesha mpango wako wa kulizunguka ziwa letu kwa miguu kutwa nzima ukitazama ndege. Mpango mzuri. Hata mimi niliwahi kuwa na mpango mzuri.

Mimi ni mzaliwa wa Naivasha, na ndege nimewajua kwa sauti kabla ya kuwajua kwa majina. Siku nilipompeleka bosi shambani kwake, kusini mwa Riyadh, nikaona ziwa dogo katikati ya mawe na mchanga, limejaa bata na yangeyange. Nilitokwa na machozi, na sioni haya kusema. Nikanunua darubini kuukuu sokoni Batha, nikaomba ruhusa ya Ijumaa, nikalichora ziwa lote kwenye boksi la shati. Asubuhi tutembee upande wa mashariki, jua likiwa mgongoni. Mchana tupumzike na mkate wetu. Alasiri tushike upande wa magharibi. Nilipanga hadi idadi ya chupa za maji.

Wa kunisaidia kubeba maji alikuwa Musyoka, mlinzi wa ghala, rafiki yangu tangu siku tuliyotua. Ndege hawakumhusu hata kidogo. Alikuwa amebakisha siku tisa apande ndege kwenda Kitui kwa likizo yake ya kwanza, kwa sababu mama yake alikuwa akipofuka. Daktari alishasema mwaka hautaisha kabla macho hayajazima. "Nataka anione mara moja tu," alikuwa akiniambia. Nilipomsihi akacheka. "Haya twende, lakini usinichokeshe, niko na safari."

Kabla ya siku yenyewe nilimwonyesha mchoro wangu Mzee Nassor, fundi cherehani wa pale Batha, Mzanzibari ambaye wazazi wake walihamia huko tangu sitini na nne. Aliufuata kwa kidole kutoka mashariki hadi magharibi.

"Jua umelipangia, ndege umewapangia, hata mkate umeupangia. Watu je? Ijumaa wakishasali, familia hujaa upande huo wa magharibi, na wake zao na binti zao. Nyie wanaume watupu na darubini mtafanya nini pale? Rudini kabla ya adhuhuri, mwanangu."

"Mzee, sisi tunatazama bata tu," nikamjibu, nikacheka. Mwenye macho haambiwi tazama, nilijisemea, na macho yangu nilikuwa nimeyanunulia vioo.

Asubuhi ile ilikuwa tamu, sitaikana. Lakini alasiri, palepale alipopataja mzee, mazulia yalikuwa yametandikwa kila mahali na birika za kahawa ziko motoni. Nikamwona mdiria kwenye matete. Nikampa Musyoka darubini, nikamwambia, "Hebu mtazame yule wa buluu." Nyuma ya yale matete kulikuwa na wanawake wamekaa.

Baba mmoja alitujia mbio akipiga kelele, wenzake wakatuzunguka, na askari hawakukawia. Askari mmoja akashika mkanda wa darubini shingoni mwa Musyoka. Ya nani hii? Musyoka alinigeukia tu, akanitazama.

Nami nikasema, "Mafi malum." Sijui.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na kuna waoga wanaojifichia humo. Wakamchukua Musyoka. Mimi nikaambiwa yalla, nenda, nami nikaenda. Nilikwenda kwa miguu yangu mwenyewe!

Kesho yake nikakimbilia kwa Mzee Nassor, nikamlaani yule baba, nikawalaani askari, nikamlaani kafili wa Musyoka, yule mwajiri ambaye bila ruhusa yake hasafiri. Mzee akasimamisha cherehani.

"Na wewe ulisema nini?"

Nikaokota uzi uliodondoka, nikaanza kuuzungusha kidoleni.

"Basi usinisimulie ubaya wa wenzio kabla hujamaliza wako."

Siku ya nne nikaenda kwa kafili, nikamwambia darubini ilikuwa yangu. Alikuwa amemtoa Musyoka rumande jana yake na kuifuta ruhusa yake ya kusafiri. "Sasa ndiyo unasema? Halas, imekwisha," akanifungia geti. Hasira yangu kwake haijapoa hadi leo. Mtu mzima akaombe ruhusa ya mtu mwingine ili amwone mama yake! Lakini fimbo ile nilimkabidhi mimi, na hasira kubwa zaidi naibeba mwenyewe.

Musyoka alienda kwao baada ya miezi kumi na minne. Alinipigia simu kutoka Kitui. "Mama amenipapasa uso wote," akasema. "Ameniuliza kama nimezeeka." Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Darubini hiyo hapo mezani, ichukue. Weka jua mgongoni, beba maji kuliko unavyodhani yatatosha, na kabla hujachora njia yako uliza ni nani wengine wanaoutumia ufuo ule, na saa ngapi. Ukiambiwa na mwenyeji, usicheke. Na likitokea la kutokea kwa ajili ya kitu chako, sema "ni changu" haraka, kabla mwenzako hajageuka kukutazama. Ukichelewa hapo, mwanangu, utalisema neno hilo maisha yako yote na halitamsaidia mtu.

Mungu akutangulie uendako, akurudishe salama wewe na utakayekwenda naye. Na ukirudi, kabla ya kuja kunihesabia ndege, pitia kwa mama yako kwanza akuone.