Nilikwenda Kabazi Kumshawishi Mama Auze Shamba

Mama alinipigia simu Jumapili baada ya ibada, yeye akiwa Kabazi, nami nikiwa Voi, ambako nimeolewa na nashona nguo kwa mwaka wa ishirini na mbili sasa. Hakuzunguka. "Wairimu, wapima ardhi wanakuja Alhamisi. Wanataka kila mtu asimame kwenye shamba lake. Njoo usimame na mimi."

Kwa wale wasiojua huko kwetu, shamba la mama ni ekari nne ndani ya lililokuwa shamba kubwa la mzungu. Mzungu alipoondoka, vibarua wake na watu wengine walichanga, wakalinunua pamoja, wakagawana kwa kamba na vijiti. Baba alipewa cheti cha hisa. Hati yenyewe, ile wanayoita taito, haikuja. Baba aliingoja mpaka akafa. Mama alimaliza karatasi za urithi kortini, akaendelea kungoja. Sasa, hatimaye, ofisi ya ardhi ilikuwa imetangaza kwamba itapima upya na kutoa hati.

Sitawaficha kwamba nilikuwa na sababu yangu pia. Mwaka huo mbolea ilikuwa imepanda kupita kiasi kwa sababu ya vita vya mbali, huko inakotoka. Mama alikuwa amepanda nusu tu ya shamba. Broka mmoja, dalali wa mashamba, alikuwa tayari amemwambia atanunua kipande cha chini siku hati itakapotoka. Mimi niliona jambo jema: mama auze, si kipande, bali lote, aje akae nami Voi apumzishe mgongo. Nilifunga safari nikiwa na maneno hayo nimeyapanga kichwani.

Jumanne asubuhi nilipanda treni mpaka Nairobi, nikalala kwa dada wa mume wangu. Jumatano alfajiri Mwakio, binamu wa mume wangu, alinipitia na lori lake. Yeye hubeba udongo mweupe kutoka machimbo ya Kariandusi, na alikuwa anakwenda kupakia. Tulipoanza kuteremka kuingia bondeni alizima redio ili asikie gia vizuri, na ndipo tukaanza kuongea.

"Shemeji, zamani nilikuwa nakuja huku mara tatu kwa wiki," alisema. "Siku hizi ni mara moja. Watu wanapigana huko mbali, dizeli inapanda hapa. Hata sijui wanagombania nini."

"Ardhi," nilimjibu.

Alicheka, na tulipofika Gilgil akawasha redio tena.

Kariandusi tulifika kabla ya saa sita. Kila kitu pale kilikuwa na vumbi jeupe, hata kope za wanaume waliokuwa wakipakia. Chini, Ziwa Elmenteita lilikuwa limetulia. Nilitaka kumpa Mwakio kitu cha mafuta, akaukunja mkono wangu na pesa zikiwa ndani. "Wasalimie mama. Mwambie nitakuja kula viazi." Akanitafutia mtu wa pikapu aliyekuwa anaelekea Nakuru, akamwambia yule mtu mara mbili kwamba mimi ni dada yake. Nakuru nilipata basi la kupitia Bahati. Baridi ilinipiga hapo hapo, nikavaa sweta niliyokuwa nimeikalia tangu Nairobi.

Jioni, Kabazi. Mama alikuwa shambani, ameinama kati ya mahindi yaliyofika magotini, na mfuko wa aproni yake ulikuwa ukilialia kwa vifuniko vya chupa za soda.

"Hivi ni vya nini?"

"Ni vya kupimia," alisema. "Tuko wanawake wanne. Tulinunua mfuko mmoja wa mbolea ya kukuzia, tukagawana. Kila shina linapata kifuniko kimoja. Zamani tulikuwa tunatupa tu na mkono, unaona?" Akanionyesha: chembe chache nyeupe, kwa uangalifu, kando ya shina, kisha udongo juu. Hivyo ndivyo vita vya watu wengine vilivyokuwa vimefika kwenye shamba la mama yangu.

Tulipokuwa tunakula mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi, nilianza kutoa yale maneno yangu. Nilimwambia kuhusu joto la Voi, ambalo lingefaa magoti yake, na chumba ambacho mwanangu amekiacha. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniongezea chakula. "Wacha kwanza wapime," alisema.

Alhamisi saa tatu asubuhi wapima walifika: kijana mmoja na msichana mmoja wenye mashine juu ya miguu mitatu, na karani aliyebeba daftari. Wazee wa shamba walikuja nao. Mpaka wa juu ulipatikana bila shida, na wa pembeni pia. Shida ilikuwa chini, tunakopakana na Mzee Koech. Bikoni, yaani jiwe la mpaka, halikuonekana. Kulikuwa na mtaro wa maji, na ng'ambo ya mtaro nyasi za kulisha ng'ombe, nene na ndefu, alizozipanda Koech.

"Kama hakuna jiwe, na hakuna mwenye kupinga, tutafuata mtaro," karani alisema. "Shosho," akamwita mama kama bibi yake, "unapinga?"

Mama alitazama nyasi. "Najua lilikuwa ng'ambo. Lakini siwezi kukuonyesha mahali."

Koech alikuwa amesimama na fimbo yake, mtu mrefu mwenye koti la mvua, ng'ombe wake watatu wakilia huko nyuma. Hakusema kitu. Mwanawe mkubwa alikuwa karibu naye. Nilihesabu moyoni miaka ambayo mama amekuwa jirani wa watu hawa, na hasira ikanipanda. Nilijiambia: anakula shamba la mjane kwa kunyamaza tu.

Kisha Koech akamwomba mzee mmoja jembe. Akaruka mtaro, akaingia ndani ya nyasi zake, hatua kumi na mbili, akaangalia mti mmoja ulioko mlimani, akarudi hatua moja, akaanza kuchimba. Mara jembe likalia kwenye jiwe.

"Ni hapa," alisema, huku akihema. "Mimi na baba yake Wairimu ndio tulilizika. Mvua kubwa ilihamisha mtaro, mimi nikapanda nikifuata mtaro. Sikuwa nimekumbuka vizuri mpaka niliposimama hapa leo."

Yule msichana mpima alimtazama. "Mzee, unajua hizi nyasi zote sasa zinaenda upande wa shosho?"

"Najua."

"Baba!" mwanawe alisema. Chakula cha ng'ombe cha dukani nacho kilikuwa kimepanda, na kila mtu pale alijua zile nyasi zina maana gani. Yule mwana aligeuka akaenda zake. Koech alimwangalia mpaka akaingia nyumbani.

"Mke wangu alipolazwa," alituambia, bila kumlenga mtu, "Mama Wairimu alinikamulia ng'ombe mwezi mzima. Angeweza kusema mgongo unamuuma." Akarudisha jembe.

Karani aliandika. Akauliza, "Hati iende jina la nani?" Mzee mmoja alisema kwamba mama ana mwana wa kiume, ndugu yangu, anayefanya kazi Eldoret, liandikwe jina lake, ndiyo kawaida. Karani alikuwa ameshaanza kuuliza kitambulisho cha huyo mwana.

"Andika Grace Nyambura," mama alisema. "Shamba hili halilimwi kutoka Eldoret. Ni mimi nimelima."

Hakupandisha sauti. Nami niliyekuwa nimekuja kumwondoa hapo nilimshika mkono, kwa sababu nilikuwa nimeombwa nije nisimame naye, na mpaka dakika ile sikuwa nimefanya hivyo.

Ijumaa asubuhi broka alikuja, viatu vikiwa safi kuliko njia yetu. Alikuwa amesikia yote, hata kwamba nilikuja kumshawishi mama auze. Alitaja bei, akasema mambo ya mbolea, na kwamba mwaka ujao hali itakuwa mbaya zaidi. Huenda alisema kweli. Mama alinitazama mimi.

"Haliuzwi, boss," nilisema.

"Madam, si ni wewe nilisikia unataka..."

"Nilitaka. Sasa haliuzwi."

Mchana huo mama alivuka mtaro akaongea na Koech. Walikubaliana haraka, wawili wakiwa wamesimama: aendelee kukata nyasi pale pale, na mbolea ya ng'ombe wake ije kwetu kwa toroli. Kabla ya jua kushuka yule mwanawe alileta toroli la kwanza. Alimwaga bila kusalimia, lakini alileta. Mimi nilipewa vifuniko, nikamaliza mistari sita, na mgongo wangu ukaelewa.

Jumamosi nilianza kurudi Voi na gunia la viazi, nusu yake ni ya Mwakio. Njiani nilikuwa na muda wa kufikiri. Nilikuwa nimedhani shamba ni mzigo ambao mama amekosa mtu wa kumtua. Nilijifunza kwamba bei inaweza kupandishwa na watu nisiowajua kabisa, na chakula cha mama yangu kikabaki mikononi mwa watu wanaomjua: wanawake watatu wa mfuko mmoja, na mzee aliyechimba nyasi zake mwenyewe. Namshukuru Mungu kwamba nilikwenda, na kwamba maneno yangu yaliyopangwa hayakushinda.

Hati ilichukua miezi kadhaa. Siku ilipotoka mama alinipigia.

"Imekuja. Nilimwonyesha Koech kwanza, yuko karibu."

"Alisema nini?"

"Alisoma majina yangu kwa sauti, pole pole, yote mawili. Halafu akaniuliza kama nimemaliza kupalilia."