Mlango wa Batula

Ko. Ko. Ko. Sauti hiyo Batula alikuwa nayo tangu utotoni: jiwe la mama yake likigonga mti ardhini, nyumba ikianza. Wanaume wangali kisimani na ngamia, wanawake walipinda miti, wakaifunga, wakaitandika mikeka, na kabla jua halijawa kali, herio ilikuwa imesimama. Nyumba ilikuwa ya mwanamke. Mume alilala humo kwa hisani.

Batula naye alisimamisha herio zake, ya mwisho hapa Sangailu. Lakini sasa magoti yalikuwa yamegoma, vidole vimekataa kusuka, na mvua za mwaka jana zilikuwa zimeozesha mikeka ya upande mzima. Mwanawe Abdirizak, karani mjini Garissa, akamjengea nyumba ya matofali: vyumba viwili, sakafu ya simiti, mabati ya buluu. Alitaka mama ahamie kabla mvua hazijarudi.

Wiki tatu zikapita. Batula akalaza humo vitoto vya mbuzi.

"Wallahi, Batula," jirani yake Yurub alimcheka, "mbuzi wako watakuja kudai stima!"

"Wanasikia baridi," Batula akajibu, wala hakucheka.

Ijumaa, baada ya swala, Abdirizak akafika na Mustafe, fundi aliyeijenga nyumba. Kusini mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya.

"Hooyo, nyumba hii ina kasoro gani?" Abdirizak akamwuliza mama yake.

"Haina. Ni nzuri, Allah akulipe."

"Basi mbona huingii?"

Batula akatazama miguu yake. "Goti."

"Goti ndilo linalotaka kitanda, mama!" Mustafe akadakia.

Abdirizak akainama, akaingia kwenye herio alichukue sanduku la mama yake, ahamishwe leo leo apende asipende. Giza likamlazimu aketi kwanza, pale pale anapolaza kichwa mama. Alipoinua macho, mlangoni aliliona zizi lote, na nyuma ya zizi ile njia ya mchanga itokayo shuleni. Akajiona ana miaka tisa, viatu mkononi. Hakukumbuka hata siku moja aliyofika nyumbani akakuta chai haijamiminwa. Miaka yote alidhani ni bahati.

Nyumba mpya ilitazama barabara. Yeye ndiye aliyeamua hivyo, kwa simu, akiwa ofisini, ili wapita njia waione. Upande wa zizi ulikuwa ukuta mtupu. Mwenye nyumba hakuulizwa.

Akatoka mikono mitupu. "Hooyo, nionyeshe mlango ukae wapi."

Batula akachechemea mpaka ukuta wa nyuma, akauwekea kiganja.

"Ya Allah! Ukuta nimeupaka rangi mara mbili!" Mustafe akalia. "Na mlango wa mbele je?"

"Ule ni wa wageni," Abdirizak akasema. "Lete nyundo na patasi."

Fundi alipojiweka tayari kugonga, Abdirizak akamshika mkono, akavichukua vyombo, akampa mama yake.

Ko. Plasta ikadondoka kiasi cha kujaza kiganja. Ko. Ko. Yurub, aliyekuja kuchungulia, akapiga kigelegele. Batula akarudisha nyundo, anahema, na Mustafe akaendelea huku akinung'unika kwamba tangu azaliwe hajawahi kubomoa nyumba mpya.

Alasiri tundu lilikuwa limefika chini. Mlango wenyewe ungeletwa kesho. Kwa leo Yurub alitundika mkeka mmoja uliosalimika, akaukunja juu. Batula akawatoa mbuzi, akafagia, akaketi kwenye simiti akielekea nje. Zizi. Njia. Matone ya kwanza yakaanguka juu ya mabati.

"Hooyo," Batula akamwita mwanawe, kwa neno lile lile ambalo mwana humwitia mama, kama wafanyavyo mama wa huko. Sauti ilikuwa ndogo hata Abdirizak akalazimika kuinama.

"Sasa nitakuona ukija."