Visanduku vya Orpha Msituni Masako

Sadrack aliamini vyombo kuliko watu, na kwa jinsi watu walivyomtendea, simlaumu. Miaka ishirini alitengeneza redio kando ya uwanja wa zamani wa ndege, Simi-Simi. Zilizomfia mikononi ziliuawa na jambo moja tu: maji. Simu zilipoenea akakosa wateja, akahamia na mkewe Élise kwenye shamba la mihogo huko Masako, ukingoni mwa msitu.

Huko ndiko Orpha alikomkuta. Alikuwa assistante, mhadhiri msaidizi wa chuo kikuu, binti wa wavuvi wa Yanonge, mwenye miaka thelathini na nne, na hakuwa na kitu kingine duniani isipokuwa tasnifu yake ya udaktari. Alitaka kupima mvua ya msitu inadhoofisha kiasi gani mawimbi ya mtandao usiotumia waya, ili siku moja zahanati za ndani ziweze kuzungumza na mji. Akafunga visanduku kumi na viwili mitini. Kila dakika kumi vinaitana, na kila kimoja kinaandika kimewasikia wenzake kwa nguvu gani. Sadrack akapewa kazi ya kuvilinda, na daftari la kuandikia saa mvua inapoanza na saa inapokatika.

Habari ya mvua na mawimbi ilizungumzwa kwa Kifaransa, kati ya Orpha na profesa wake, Cyprien, wamesimama mbele ya Sadrack kana kwamba ni kisiki. Kwa Kiswahili profesa alimwachia maneno machache tu.

"Papa, chunga hizi vitu muzuri. Ikiharibika ata moja, kazi ya huyu mutoto imekufa."

Basi Sadrack akachunga. Wingu likijikusanya anatupa jembe, anabeba ngazi, anapanda mti mmoja mmoja, anatoa visanduku vyote na kuvilaza kitandani chini ya blanketi. Mvua ikikatika anavirudisha, kila kimoja kwenye msumari wake, na anaandika saa. Mwaka wa pili aliteleza kwenye mti wa saba, bega likavunjika, likaunga vibaya. Wiki ile ile Élise alimkuta juu ya ngazi, anapanda kwa mkono mmoja.

"We iko mujinga! Utakufa juu ya masanduku ya batu."

"Masini na maji haipatane," alijibu. "Acha mutoto ya batu asome."

Na Orpha je? Orpha alikuja siku za jua. Barabara ya Masako ikinyeshewa ni uji mtupu, na mwenye viatu huchagua siku yake. Hata mara moja hakukaa Masako mvua ikinyesha. Alikuta visanduku vikavu, safi, akamkumbatia mzee.

"Papa Sadrack, ya bengine inaoza miezi tatu tu. Ya yetu, miaka mbili!"

Sadrack alicheka, akidhani anajua. Nani asiyejua kwamba masini, mashine yoyote ile, hutolewa mvuani? Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, tunawaimbia watoto kila siku. Wasomi hatuwaambii, tunawaogopa.

Chuoni hesabu za visanduku, pamoja na saa za daftari la Sadrack, zilimezwa na kompyuta ishirini na nne kuukuu, ambazo Orpha alikuwa ameziunganisha zifanye kazi kama moja. Ziliunguruma miezi mitano, kila umeme ulipopatikana. Jibu lilipotoka alilirudia mara tatu, maana lilikwenda kinyume na vitabu vyote: Masako, mvua ikinyesha, visanduku vinasikilizana vizuri zaidi. Profesa Cyprien akashangilia. Wakatafuta sababu, wakaipata kwenye majani mabichi, na Orpha akaiandikia kurasa hamsini. Mkataba wake ulikuwa unakwisha mwezi uleule. Bila udaktari, kazi hana.

Siku ya kuitetea tasnifu, wazazi wake walipanda mtumbwi wakaja. Sadrack aliketi karibu nao, ndani ya koti la kuazima. Profesa Idrissa, mtahini kutoka Bukavu, akauliza imewezekanaje visanduku vya plastiki vikae miaka miwili msituni bila hata kimoja kuingia maji. Orpha akatabasamu. Alitaka mzee apate heshima yake mbele za watu.

"Aliyevichunga yuko hapa. Papa Sadrack, uwaambie."

Mzee akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Bon, bakubwa, miye nilikuwaka fundi ya radio. Mvua ikitaka kunyesha, natosha yote kumi na mbili ku miti, nalalisha ku kitanda yangu. Ikiisha, narudisha. Miaka mbili, haikunyeshewa ata moja!"

Wanafunzi wa nyuma walianza kucheka, na ukumbi ukafuata. Sadrack naye akacheka, akawaonyesha bega. Idrissa hakucheka. Aliifunga tasnifu.

"Donc, mademoiselle, ulipima kitanda ya huyu papa."

Profesa Cyprien akaharakisha kusema kwamba yeye alikuwa na mashaka tangu mwanzo. Mama yake Orpha, kwa kuona watu wanafurahi, akapiga makofi.

"Papa," Orpha alisema. "Nilikuwa natafuta mvua. Ni yenyewe mvua nilikuwa napima."

Sadrack alikuwa fundi, hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Alishika kiti kwa mkono wake mzima, akakaa, na makofi ya yule mama bado yanaendelea.